Picha ya Tumbo la Baba Mkwe

Nyinyi mnaopaka watu jeli tumboni na kuwaonyesha figo zao papo hapo kwenye skrini, niazimeni masikio. Mwezi jana kiuno kilinikamata nikapelekwa kliniki moja hapa mjini Kisii. Msichana mdogo hata kwa mjukuu wangu wa kwanza akanilaza, akanimwagia jeli baridi ubavuni bila hata kupiga hodi, akaanza kunitelezeshea kale kadude kake. "Tulia tu, nyanya," akasema. Nitulie vipi? Nimefanya kazi ya eksirei maisha yangu yote, na skrini ameielekeza kwake. Nikamwambia aigeuze.

Akaigeuza. Nikaiona figo yangu mwenyewe ikipanda na kushuka kila nikivuta pumzi. Nilimuuliza maswali mpaka foleni ya nje ikaanza kunung'unika. Jiwe likiwepo linaonekanaje? Akasema linang'aa, na nyuma yake kuna kivuli cheusi. Kivuli cha nini, na hapa hakuna mwanga ila sauti? Sauti inaendaje ndani ya mtu na kurudi na picha? Alijibu alichojua, kisha akaniuliza lake: "Sasa nyanya, miaka ya sabini mlijuaje mtu ana jiwe, na hii ultrasaundi haikuwepo?"

Nilimwambia hiyo ni hadithi ndefu. Akasema basi niandike, wagonjwa wengine wanangoja. Haya, nimeandika.

Siku hizo Kisii na Nyamira ilikuwa wilaya moja. Mimi, Bosibori wa Birongo, nilikuwa nimetoka Nairobi na cheti na kiburi kidogo. Hospitali iliyoniajiri, jina lake tuliache, ilikuwa na mashine moja ya eksirei. Ukiiwasha, taa za wodini zinafifia, na wauguzi wanajua Bosibori ameanza. Kando yake kulikuwa na chumba cha giza. Filamu unaichovya kwenye dawa ya kwanza, unaisuuza, unaichovya kwenye ya pili, unaianika kwenye waya kama nepi. Daktari mwenye haraka aliisoma ikiwa bado inadondosha maji. Ile dawa ya pili ina harufu kali ya siki, na haitoki mwilini kwa sabuni. Mume wangu Zakayo, mwalimu wa Mosocho, alisema walimdanganya, ameoa chupa ya siki.

Eksirei haioni figo kama mnavyoiona nyinyi. Inaona kigumu: mfupa, chuma, na mawe mengi ya figo, ingawa si yote. Vingine vyote ni ukungu. Na ndani ya ukungu huo adui yetu alikuwa hewa ya tumboni. Mtu wa kwetu akishashiba ndizi na viazi vitamu, picha ya tumbo lake ni mawingu matupu, na jiwe dogo linajificha humo kwa raha zake. Kwa hiyo aliyekuja bila haraka tulimpa mafuta ya mbarika ya kusafisha tumbo siku moja kabla. Asubuhi yake walifika wamenyooka, wamenyamaza, na kila mmoja ameshajua choo kiko wapi.

Watu walitaka mashine ile ifanye mengi. Mama mmoja alinijia na mumewe amemshika mkono, mzima wa afya, akaniomba nimpige picha ya tumbo aone amekula nini kwa mke mdogo. Nilimwambia mashine haioni chakula. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Na Serikali imeinunua hivyo hivyo?"

Mwalimu wangu kule Nairobi, mtu mkali wa kutoka Machakos, alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka tukamchoka: kabla ya kuwasha mashine, mtazame mtu anavyoingia mlangoni. Mwenye kidole tumbo kilichoharibika huingia polepole, amejikunja, na ukimlaza hataki kuguswa wala kusogea. Mwenye jiwe linaloteremka kutoka kwenye figo hatulii. Ataketi, atasimama, atapiga magoti, atashika ukuta. Uchungu wake nao unasafiri: unaanzia mgongoni chini ya mbavu, unazunguka ubavu, unateremka mpaka sehemu ambazo mtu hazitaji mbele za watu. Hapo ndipo hadithi yangu ilipo, kwa sababu kwetu kuna watu usioweza kuwatajia hata ukifa.

Tunaita ensoni. Msikimbilie kusema ni aibu tu. Ni heshima iliyojengewa ukuta. Baba mkwe haingii nyumba ya mke wa mwanawe. Hampi mkono. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata kwa mzaha. Baba na mwanawe ni hivyo hivyo, pengine kwa ukali zaidi. Lakini ruka kizazi kimoja na ukuta huo haupo: babu na mjukuu hutaniana mpaka mgeni anaziba masikio. Na vizazi hatuhesabu kwa mvi, tunahesabu kwa ukoo. Unaweza kuwa na mjukuu mnayelingana naye meno yaliyobaki.

Baba yake Zakayo alikuwa Mzee Ombati wa Kebirigo, mkulima wa chai, mtu wa misa kila Jumapili, mwembamba, mwenye sauti. Alichechemea kidogo mguu wa kulia, na kila mtoto wa boma lile alijua sababu: ujanani, katika ugomvi wa ng'ombe kule mpakani, wenzake walikimbia, yeye akasimama akawakabili watu peke yake, akapigwa rungu la goti. "Sikuwapa mgongo," alikuwa akisema. Nilikuwa nimeolewa karibuni. Nilimwogopa na nilimpenda, maana alinipokea vizuri wakati ndugu wengine waliuliza mwanamke wa mashine atapika saa ngapi.

Asubuhi moja lori la majani ya chai lilimshusha mlangoni pa hospitali akiwa amejikunja, jasho linamtiririka. Zakayo alikuwa amekwenda mafunzo ya walimu. Muuguzi wa zamu alikuwa mgeni kutoka Pwani, daktari alikuwa Mganda aliyekuja kwetu na Kiswahili cha kuomba chumvi, na Kiswahili cha mzee kilikuwa cha sokoni. Wakaniita nitafsiri.

"Muulize uchungu unaanzia wapi, na unaelekea wapi," daktari akasema.

Nilitazama dirisha. "Tata," nikamwambia, yaani baba, "daktari anauliza unaumwa wapi."

Naye akautazama ukuta. "Tumbo." Akaweka mkono upande wa kulia, chini.

"Unateremka? Na mkojo wake je? Una damu?"

Vijana, ningeliulizaje hilo? Nilitafuta njia ya kuzungukia. "Na huko kwingine, tata, ni kwema?"

"Ni kwema," akajibu kwa adabu kubwa, kama tunaosalimiana njiani.

Nikamwambia daktari huko kwingine ni kwema. Daktari akabonyeza tumbo, mzee akaruka, na kwa majibu aliyopewa hakuwa na la kufikiri zaidi ya kidole tumbo. Chumba cha upasuaji kikaanza kutayarishwa. Siku hizo kupasuliwa hakukuwa mchezo, na huyu hakuwa kijana. Na hata akipona, niliwaza, atapona akijua nilisimama pale wakati anavuliwa nguo. Niliona nitampoteza mzee huyu kwa njia moja kati ya mbili, kisu au ensoni.

Daktari alirudi baada ya muda kumtazama tena kabla ya kunawa mikono. Akamkuta mzee hayupo kitandani. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, kisha akasimama, akashika ukuta, akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Daktari alisimama akimwangalia kwa muda mrefu, amekunja uso.

"Kidole tumbo hakitembei hivi," akasema. Akanigeukia. "Huyu ni nani kwako?"

"Baba wa mume wangu."

Alifunika uso kwa mikono yote miwili. Nilidhani amekasirika, kumbe anacheka. "Kwetu Uganda mama mkwe wangu akinikuta njiani, mmoja wetu anaingia shambani. Na mimi nimekutuma wewe umuulize huyu habari za mkojo! Nenda ukanitafutie mtu anayeweza kumtukana huyu mzee."

Mtu huyo nilimjua. Alikuwa Obadia, msukuma machela wetu, mwenye mvi kichwa kizima na mdomo usio na kufuli. Baba yake Obadia alimwita Mzee Ombati baba kwa hesabu ya ukoo, kwa hiyo Obadia alikuwa mjukuu halali. Nilimweleza la kuuliza, nami nikatoka nje. Lakini mlango wa wodi ile haukuwahi kufunga sawasawa.

"Sokoro," nikamsikia, yaani babu, "mbona unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia?"

"Niondokee, Obadia. Niache nife kwa amani."

"Utakufaje na sijarithi ng'ombe hata mmoja? Sema, huo uchungu unateremka mpaka wapi?"

"Mpaka kule."

"Kule wapi? Kebirigo?"

"Kule alikotoka baba yako, mjinga wewe!"

Wodi nzima ilicheka, mpaka mgonjwa aliyefungwa plasta mguuni.

"Sawa, sawa. Na kojo lina rangi gani? Chai ya maziwa ama chai ya rangi?"

"Ya rangi. Tena imechemka sana."

Daktari alipotafsiriwa hayo alivua aproni ya upasuaji akaitundika. "Basi, kisu kingoje," akaniambia. "Nipe picha."

Picha! Sasa singeweza tena kusema nimegeuza uso. Mimi ndiye niliyekuwa na mashine. Tukakubaliana hivi: Obadia atamlaza mzee mezani na kumpanga, mimi nitakaa nyuma ya ukuta wa madini ya risasi unaozuia miale na kuelekeza kwa mdomo. Kidirisha cha kuchungulia nilikifunika kwa aproni. Muda wa mafuta ya mbarika haukuwepo.

"Obadia, ukingo wa chini wa sanduku la filamu ufike pale mfupa wa mbele unapoishia."

"Mfupa gani?"

"Obadia, unaujua."

"Sokoro, anasema mfupa wa…"

"Nimesikia!" mzee akanguruma.

"Mwambie avute pumzi, aitoe, aishike hapo."

Mzee akaishika. Nikaminya. Wakati huo huo Obadia akamnong'oneza kitu ambacho mpaka leo sikijui, mzee akapasuka kicheko katikati ya uchungu wake. Filamu ile ilitoka na uti wa mgongo wenye pande mbili, kama mtu anayeonekana majini. Nilimtishia Obadia kwamba nikiharibu nyingine nitampiga picha yeye.

Ya pili ilitoka safi. Nilisimama peke yangu kwenye chumba cha giza, taa nyekundu inawaka, nimeshika filamu inayodondosha maji. Niseme kweli, niliogopa kutazama. Lakini nikatazama, na nikishatazama picha siwezi kuacha kutaka kujua. Mawingu ya ndizi yalikuwepo. Chini kulia, karibu na kibofu, palikuwa na nukta nyeupe, ndogo. Na upande huo huo, nje zaidi, palikuwa na kitu cha pili nisichokitegemea: cheupe kupita mfupa, chembamba, chenye ncha.

Nilitoka. "Obadia, umemvua kila kitu? Hana pini, hana sarafu?"

"Hana kitu, hata aibu nimemvua."

Hapa nawapa la kazi. Picha ya mbele inakuonyesha kushoto na kulia, juu na chini, lakini haisemi kitu kiko mbele au nyuma. Vyote vimelaliana kwenye karatasi moja. Ukitaka kujua, mgeuze mgonjwa ubavu, upige tena. Nikamwagiza Obadia amgeuze.

Picha ya ubavu ilinipa majibu. Ile nukta ilikuwa ndani, mahali ambapo mrija wa figo unapita kuingia kibofuni. Na kile chenye ncha kilikuwa nyuma kabisa, ndani ya nyama ya kalio. Ilikuwa ncha ya mshale, ya zamani, imevunjikia humo na nyama ikaifunika. Nilisimama pale nikauwaza ule mguu unaochechemea na lile goti la rungu. Mtu aliyewakabili adui hachomwi mshale hapo. Naweza kuandika haya leo kwa sababu uzeeni aliwasimulia mwenyewe wajukuu wake, watoto wangu, na akacheka kuwashinda wote. Lakini wakati ule hakuna aliyejua, na Obadia hakuruhusiwa kuingia chumba cha giza.

Daktari aliinua filamu dirishani. Akakiona kile chuma, akaniangalia, nikaangalia viatu. "Hicho kimekaa miaka mingi na hakimsumbui," akasema. "Tumtafute mwenye makosa." Akamdunga mzee dawa ya rangi kwenye mshipa wa mkono. Dawa hiyo hupita kwenye figo, na eksirei huiona nyeupe. Tukapiga picha, tukangoja, tukapiga nyingine. Upande wa kushoto ilishuka mpaka kibofuni bila wasiwasi. Upande wa kulia ilichelewa, mrija ukavimba, na weupe ukaja kuishia palepale kwenye nukta. Nilipoona vile nilipiga makofi kwa furaha chumbani peke yangu. Jiwe lilikuwa limekamatwa, na kisu hakikuhitajika, maana daktari alisema jiwe dogo hivyo lililokaribia kibofu hutoka lenyewe. Mzee alipewa dawa ya uchungu, akaambiwa anywe maji mengi na achuje kila anachokojoa kwa kitambaa. Obadia ndiye aliyesimamia uchujaji, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Lilitoka. Obadia aliniletea nilione, dogo kama punje ya mtama, lenye miiba. Nililigeuza kwenye kiganja nikashangaa kwamba kitu hiki kilimpigisha magoti mwanamume yule. Mzee akarudi Kebirigo mzima, hana hata kovu.

Nilidhani imekwisha. Zakayo na mimi tulipokwenda boma, nilipika kama kawaida, chakula kikapelekwa kwa mzee, kikarudi kimefunikwa vilevile. Mara ya pili kikarudi. Chai yangu hakuigusa. Salamu alizipitisha kwa mama mkwe. Nilijua sababu, au nilidhani najua: mke wa mwanawe amemwona mpaka ndani ya mifupa, na ensoni iliyovunjwa haisafishwi kwa dawa kama filamu. Nililia jikoni. Zakayo alinibembeleza, lakini yeye ni mwana. Hangeweza kwenda kumuuliza baba yake hata neno moja la habari ile.

Jumapili moja baada ya misa, Obadia alikuja boma kutembea. Nilikuwa ndani ya nyumba yangu ya pale bomani. Nikasikia kiti kinaburutwa uani, kikawekwa mbali kidogo na mlango wangu, kimeupa mlango mgongo. Mzee aliketi. Obadia akasimama katikati, kati yake na mimi.

"Obadia," mzee akasema, sauti imepanda kuliko ilivyohitajika, "muulize mke wa mwanangu. Siku ile, kwenye zile picha. Aliona nini huko ndani?"

Obadia akageuka mlangoni. Masikio yalikuwa yamemsimama. Huyo angepata neno moja tu, angemtania nalo mzee mpaka kaburini, na soko zima la Kebirigo lingesikia kabla ya jioni. Ndipo nikaelewa mzee alikuwa ameogopa nini wiki zote hizo. Halikuwa tumbo lake peke yake.

Nilikuja mpaka kizingitini. Niliuona mgongo wake, mwembamba, umenyooka, unangoja.

"Mwambie tata," nikasema, "niliona jiwe tu."

"Jiwe tu?" Obadia akauliza kwa masikitiko.

"Jiwe tu. Hakukuwa na kingine."

Mzee hakugeuka. Alipangusa goti lake la kulia kwa kiganja, lile la rungu.

"Basi mwambie aniletee chai."

"Sokoro, ya rangi ama ya maziwa?"

"Ya maziwa," akasema. "Ile nyingine nimeimaliza."